Mluzi wa Jua

Mwaka ule wa 2001 mji wa Sumbawanga ulikuwa na madishi kumi na moja, na mtu aliyejua siri ya kila moja alikuwa mmoja tu, Zenon. Manne yalikuwa mazima. Saba yalikuwa maiti zilizosimama. Hayo saba yalibaki juu ya nguzo na mapaa yakitazama mbinguni kwa heshima zote, waya zake zikipita dirishani kuingia sebuleni kama kawaida, ila huko ndani waya ulikuwa umefungwa kwenye mguu wa meza. Umeme wetu wa jenereta ulikuwa ukiondoka bila kuaga na kurudi kwa hasira, na kila ukirudi unaunguza resiva ya mtu. Tajiri aliyeunguliwa hakulia hadharani. Aliifunga resiva yake kwenye kanga ya mkewe, akampelekea Zenon kule Majengo kwa mlango wa nyuma, akaambiwa kwamba spea haipatikani hata Mbeya, basi akaiacha hukohuko na kurudi kulilinda dishi lake. Soko huria lilituletea kila kitu: mitumba, sabuni za rangi tatu, na aibu mpya ambayo wazee wetu hawakuijua, aibu ya kuwa na paa tupu.

Zenon alikuwa fundi mitambo wa simu kwa miaka kumi na tisa, mpaka shirika lilipopunguza watu na yeye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Kiinua mgongo alichopewa kiliinua mgongo wake kwa miezi minne, kisha mgongo ukarudi chini. Tangu hapo alikuwa anaishi kwa kutengeneza pasi na redio za watu, na kwa kimea cha ulezi alichouza mkewe, Coleta. Lakini moyo wake ulikuwa chini ya kitanda, kwenye maboksi ya resiva zilizokufa. Alizipasua moja baada ya nyingine, akatoa koili, transista, transfoma na vifungo vya mbele, akavipanga kwenye makopo ya maziwa ya unga. Kutoka maiti tano alitengeneza resiva moja iliyo hai. Mtu mwingine angeiuza siku hiyohiyo. Zenon hakutaka kuiuza, wala hakutaka kuangalia televisheni. Yeye alitaka kulisikiliza jua.

Msicheke kwanza, hata mimi nilicheka. Alikuwa amesoma katika kitabu kimoja cha mafunzo ya kazini kwamba jua halitoi mwanga na joto tu, linatoa pia mawimbi kama ya redio. Basi akachukua dishi bovu lililopindapinda, akalishona kwa wavu wa kuku, akalisimamisha kwenye nguzo uani. Mbele yake akafunga kile kichwa kidogo cha kunasa mawimbi, ambacho mafundi hukiita jicho. Waya ukapita kwanza kwenye kisanduku cha mbao alichokiunda mwenyewe, chenye spika ya redio kaseti, ndipo ukaingia kwenye resiva. Dishi likitazama mahali patupu angani, kisanduku kilinguruma chinichini. Likigeuzwa kulielekea jua, kilipiga mluzi mwembamba unaopanda juu. Zenon angeweza kukaa hapo asubuhi nzima, kofia usoni, anausikiliza huo mluzi kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani kwao. Majirani wakamwita Zenon Jua. Coleta alimwita majina mengine, ambayo siwezi kuyaandika.

Mwezi wa tano redio ikatangaza kwamba tarehe 21 Juni, alasiri, jua litapatwa. Kule Zambia litafunikwa lote, na kwetu Ufipa litaliwa karibu robo tatu. Zenon alikosa usingizi. Mwezi ukilifunika jua, mluzi lazima ushuke. Na ukilifunua, lazima upande tena. Akaenda hadi sekondari akamwona Edith, mwalimu wa fizikia, akamweleza huku ameshika kofia mkononi. Mwalimu Edith alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwahi kumpata Zenon tangu apunguzwe kazini.

"Nitakuja na kidato cha tatu chote," alisema mwalimu. "Nitakuja na redio kaseti turekodi. Ikitoka vizuri, kanda nitampelekea mhadhiri wangu wa zamani chuo kikuu. Ila Zenon, nisije nikawaleta watoto wa watu kwenye maskhara."

"Saa tisa kamili, mwalimu. Utanikuta kwenye nguzo."

Alirudi nyumbani anatembea katikati ya barabara. Hakutaka pesa, nataka hilo lieleweke. Alitaka mtu mmoja mwenye shahada amwite fundi, mbele ya watu, kabla hajafa akiitwa mwokota takataka.

Sasa nimtaje mwenye nyumba wake, Mzee Leonardi, mnunuzi wa mahindi, mtu ambaye tumbo lake lilitangulia na maneno yake yalitangulia zaidi. Dishi lake la futi nane lilikaa juu kabisa ya paa la bati, mahali ambapo fundi mwenye akili asingeliweka, ili lionekane tangu stendi. Watu wa Dar wakisikia Sumbawanga wanatania kwamba sisi tunasafiri kwa ungo kama wachawi. Wangeliona lile la Leonardi wangejua kwamba ungo wetu haukuwa unakwenda popote. Lilikufa mwaka 1998. Zenon akamtengenezea deki ya kuchezea kanda, na Leonardi, kama shukrani na kama kufuli la mdomo, akampa lile jicho la dishi ambalo hakuwa na kazi nalo tena. Tangu siku hiyo alikuwa akiwaalika majirani kutazama mpira "moja kwa moja kutoka Ulaya", kanda ni ileile. Miaka mitatu timu ya jezi nyekundu ilishinda mabao mawili kwa moja, na miaka mitatu majirani waliruka vitini kwa bao la pili. Adolfu kinyozi alishawahi kushangilia bao kabla halijafungwa, mkewe akamkanyaga mguu. Wote walijua. Lakini chai ya Leonardi ilikuwa na maziwa, na mtu mwenye adabu hahoji huku ana andazi la watu mdomoni. Zenon alijua kuliko wote, na alinyamaza kuliko wote.

Jumatano asubuhi, kesho yake ndiyo siku ya jua, Leonardi akaingia uani kwa Zenon bila kubisha hodi.

"Shikamoo mzee," alisema Zenon.

"Marahaba. Lile jicho langu liko wapi?"

Ikabidi Leonardi aeleze analitakia nini, na alieleza akiwa amesimama kama anayedai kodi. Kesho alikuwa na ugeni mkubwa. Mboje, Msukuma mwenye mifugo mingi kule bondeni, alikuwa anakuja kuzungumza mahari ya Jenifer, binti wa Leonardi, kwa ajili ya mwanawe Amos. Leonardi alikuwa na kawaida ya kusema kwamba wafugaji wale wananuka maziwa, ila ng'ombe wao hakuwahi kuwasikia wakinuka chochote. Mpango wake ulikuwa kuwakalisha mbele ya televisheni, waone dunia, wajione wadogo, halafu idadi ya ng'ombe ipande yenyewe.

"Si una deki, mzee?" aliuliza Coleta, aliyekuwa anafunga magunia yake matupu tayari kwa safari.

Leonardi alimtazama kama mtu aliyekanyaga mavi. "Yule kijana Amos amesoma Mbeya. Atataka taarifa ya habari ya leo. Nimwekee mpira wa mwaka tisini na nane?" Akamgeukia Zenon. "Nataka jicho, nataka na hiyo resiva yako. Kesho tu. Na mtu yeyote asijue. Uape."

"Mzee, kesho saa tisa jua linapatwa."

"Litapatwa mwaka mwingine."

"Siyo hapa."

"Na hii nyumba unayolala, mwaka mwingine utakuwemo?"

Zenon akaapa. Aliapa haraka, bila kupepesa jicho, kama watu waliozoea kusaini karatasi ambazo hawakuandika wao.

Leonardi alipotoka, Coleta alimwambia mumewe, "Mfuate umwambie hapana. Ni neno fupi, wala halihitaji spea." Lakini basi la Laela lilikuwa linapiga honi, na yeye alikuwa anakwenda huko kununua ulezi, kurudi Ijumaa. Akaondoka akitikisa kichwa, na Zenon akabaki anapiga hesabu zake. Wageni wanafika saa nne asubuhi. Kufikia saa saba watakuwa wameshiba habari za dunia. Saa nane yeye anafungua vitu vyake, saa tisa yuko kwenye nguzo, mwalimu hajui lolote. Mpanda farasi wawili hupasuka msamba, lakini kila anayewapanda hujiona yeye ana miguu mirefu.

Alhamisi saa tatu alikuwa juu ya paa. Alifunga jicho, akashusha waya, akalizungusha dishi polepole mpaka Leonardi akapiga kelele kutoka sebuleni kwamba picha imetoka, tena ina rangi! Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Kile chuma cha kushikilia dishi kilikuwa kimeoza kwa kutu miaka mitatu bila mtu kukigusa. Zenon akiachia tu, upepo wa Juni, ule wa kwetu unaokausha midomo na kung'oa mabati, unaligeuza dishi, na picha sebuleni inageuka chenga. Kamba haikusaidia. Mawe hayakusaidia.

"Basi lishike," alisema Leonardi.

"Kwa muda gani, mzee?"

"Mpaka wageni waondoke."

Hivyo ndivyo fundi mitambo wa miaka kumi na tisa alivyogeuzwa kuwa nguzo. Alichuchumaa nyuma ya dishi ili asionekane kutoka chini, amelikumbatia kwa mikono miwili, na kisanduku chake cha mluzi amekificha ndani ya koti. Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Lori walilopanda wageni lilikuwa limepasua tairi, na Leonardi hakuona sababu ya kumteremsha mtu, maana yeye mwenyewe alikuwa sebuleni anaangalia. Miaka mitatu ya njaa siyo mchezo. Aliangalia habari, akaangalia mafunzo ya mapishi, akaangalia matangazo ya dawa ya mbu ya nchi ambayo hakuijua jina.

Wageni walifika saa nane na nusu. Mboje alikuwa mzee mrefu mwenye fimbo na koti refu la mvua, hasemi sana. Amos alikuwa na suruali ya kunyooshwa. Zenon alisikia salamu, akasikia soda zikifunguliwa, akasikia sauti ya Leonardi: "Hii ni ya leo, leo hii! Tazama tarehe hapo pembeni, Amos, soma kwa sauti baba yako asikie."

Saa tisa kamili, kutoka paani, Zenon aliona jambo ambalo hakulisahau. Mitaa mitatu mbele, uani kwake, waliingia wanafunzi wenye masweta ya kijani, mstari mmoja mrefu, na mbele yao Mwalimu Edith na redio kaseti begani. Walilizunguka dishi la wavu wa kuku. Mwalimu aliinama kutafuta jicho, hakulikuta. Alibisha mlango. Alitazama saa. Zenon alitaka kuwapungia, lakini mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi ya Leonardi. Alitaka kupiga kelele, lakini chini yake kulikuwa na wageni, na kiapo, na nyumba. Akawa anawaangalia tu. Alijisikia kama mtu anayehudhuria maziko yake mwenyewe kwa mbali, na wafiwa wanalalamika kwamba marehemu amechelewa.

Jua likaanza kuliwa. Mwanga ukawa wa ajabu, kama wa jioni iliyokosea saa. Watoto kule uani wakapokezana vipande vya negativu nyeusi za picha kutazama juu. Mwalimu alisubiri nusu saa, akasubiri na robo saa nyingine, kisha akainua mkono na mstari wa kijani ukatoka uani kurudi shule. Hakugeuka nyuma. Uchungu ukampanda Zenon, na uchungu ule, nadhani, ndio uliofanya kazi ambayo ujasiri wake ulishindwa kuifanya miaka yote. Alisema neno moja baya la Kifipa na kuiachia ile pembe ya anga yenye taarifa ya habari. Akalisukuma dishi kwa bega mpaka likatazama jua kaskazini-magharibi, akaliegemea hivyohivyo, akanyoosha mkono hadi pale waya ulipounganishwa, akachomeka kisanduku chake.

Mluzi ulitoka. Lakini haukuwa mluzi aliouzoea. Ulikuwa umeshuka, wa chini, mnene, na ulikuwa unaendelea kushuka. Alikuwa amesema kweli! Zenon alilia, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Sebuleni kukajaa chenga. Leonardi alitoka mbio akitukana, wageni nyuma yake, mke na binti nyuma ya wageni. Akainua uso kuelekea paani, mdomo wazi, tayari kumfukuza mtu nyumba mbele ya wakwe.

"Nyamazeni!" alipiga kelele Zenon kutoka juu. "Nyamazeni wote! Sikilizeni!"

Sauti ile haikuwa yake, na kwa sababu haikuwa yake waliitii. Ua mzima ukanyamaza. Kuku wa Leonardi walikuwa wanapanda kulala saa kumi na robo. Mluzi ukashuka, ukashuka, ukafika chini kabisa kama mtu anayenong'ona, ukakaa hapo. Halafu, polepole, ukaanza kupanda. Walisimama hivyo karibu nusu saa, shingo zimepinda, hakuna aliyekohoa. Zenon alifumba macho. Alisikia mwezi ukipita mbele ya jua, kitu ambacho Sumbawanga nzima haikuwahi kukisikia, na kwa muda ule hakukumbuka mwalimu, wala nyumba, wala jina lake.

Hilo ndilo kosa lake. Kama angekuwa na akili ya kibiashara angesema palepale: huu ni mtambo wangu. Lakini yeye alikuwa amewanyamazisha watu wote ili wasikilize, na katika ukimya aliouomba mwenyewe, wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Leonardi.

"Mnasikia?" alisema Leonardi, mikono nyuma. "Jua hilo. Hapa kwangu tunalipata moja kwa moja."

Mboje alimtazama, akatazama paa. "Na yule aliye juu?"

"Kijana wangu wa kazi."

Zenon alikuwa na miaka arobaini na saba, Leonardi hamsini na mbili.

"Mpeni uji," alisema Mboje. "Anatetemeka." Kisha akasema, taratibu, kwamba ng'ombe wa kwao walikuwa wakigeuka kurudi zizini mchana kila jua linapopatwa tangu enzi za babu yake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jua lenyewe hulia. Mtu mwenye kujua hayo anastahili heshima. Akaongeza ng'ombe sita.

Uji uliletwa, wa moto, na Zenon akaunywa akiwa amesimama jikoni.

Ijumaa asubuhi alikwenda sekondari. Koo lilikuwa limeshika, kifua kinakwaruza, lakini alieleza yote: kiapo, dishi bovu, deki, kanda ya mwaka tisini na nane, paa. Ukweli wote ulimtoka kwa mara moja, kama mtu aliyeuweka akiba. Mwalimu Edith alimsikiliza, lakini safari hii alikuwa anasahihisha madaftari.

"Zenon, watu kumi wameniambia waliyoyasikia kwa Mzee Leonardi. Adolfu kinyozi ameapa. Mzee Leonardi ana dishi la futi nane. Aje kuazima kwako wewe, mwenye wavu wa kuku?"

"Dishi lake lilikufa, mwalimu."

"Lililokufa limepataje jua?" Akafunga daftari. "Niliwaleta watoto themanini. Ulichoniambia leo ni matusi juu ya maskhara."

Jumanne iliyofuata Mzee Leonardi alialikwa shuleni kuzungumza juu ya sayansi na maendeleo. Alimtumia Zenon ujumbe: kichukue kisanduku, uje unishikie dishi. Coleta, aliyekwisharudi na ulezi wake na kusikia yote, alikaa mlangoni na kumwambia mumewe kwamba akienda, asirudi na hadithi. Zenon alikwenda. Hata mimi nilitaka kumpiga. Lakini nilipomuuliza baadaye, alinijibu kwamba jua lile watoto hawakulisikia kwa sababu yake, na deni hilo lilikuwa la kwake, siyo la Leonardi.

Basi walisimama uwanja wa shule, wanafunzi themanini kwenye nyasi, redio kaseti ya mwalimu inazunguka juu ya meza. Leonardi alivaa suti. Alieleza kwamba jua lina stesheni yake kama redio nyingine, kwamba mitambo ya kulinasa ni ya gharama, kwamba kijana asome kwa bidii afike alipofika yeye. Alisema "mimi" mara nyingi kuliko mluzi wenyewe. Nyuma yake Zenon alilishika lile dishi la futi nane, lililoshushwa paani, akaligeuza kidogo kidogo, na mluzi ukapanda mwembamba, safi, juu ya uwanja. Kikohozi kilimshika katikati, akajitahidi kukimeza, kikamshinda. Angeweza kuchomoa waya. Waya ulikuwa pale, karibu na kidole chake cha gumba, na Leonardi angebaki amefungua mdomo mbele ya themanini. Lakini watoto walikuwa kimya, baadhi wamefumba macho, na msichana mmoja wa mbele alikuwa anaandika kitu haraka haraka bila kutazama daftari. Hakuchomoa.

Makofi yalipokwisha, Mwalimu Edith alikuja mezani kutoa kanda. Aliandika juu yake kwa kalamu: Sauti ya Jua, Mzee Leonardi, Sumbawanga.

"Mwalimu," aliuliza Zenon kwa sauti iliyokauka, "imeingia?"

"Imeingia vizuri sana," alisema mwalimu bila kuinua uso. "Ila katikati kuna mahali unakohoa. Nikinakili nitapaondoa."